Jani la Kijani Kwenye Pakiti ya Unga

Jumamosi iliyopita, katika duka moja la vyakula Mikocheni, nilishika pakiti ya unga wa muhogo iliyochorwa jani la kijani na kuandikwa "Asilia 100%". Nilipoigeuza nilikuta uzito, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya simu ya mfungashaji, lakini jina la aliyekagua shamba halikuwapo. Mama mmoja kando yangu alikwisha kutia ya kwake kapuni, akisema kwamba wanawe sasa watakula kitu kisicho na dawa.

Neno "asilia" halimbani muuzaji kwa lolote. Kilimo hai ni jambo jingine: ni kulima bila mbolea za viwandani, bila viuatilifu vya kemikali na bila mbegu zilizobadilishwa vinasaba, kisha kukubali kukaguliwa. Dawa za mimea kama mwarobaini huruhusiwa. Kwetu Afrika Mashariki nembo ya kutafuta ni Kilimohai, inayosimamia kiwango cha pamoja kilichopitishwa mwaka 2007. Ukaguzi hufanywa na taasisi ya ithibati, au na vikundi vya wakulima wanaotembeleana mashambani na kukaguana; nami naupenda zaidi utaratibu huu wa pili, kwa sababu mkulima wa ekari mbili hamudu gharama za mkaguzi wa mbali, ilhali jirani yake anajua vema ni nani aliyeonekana na bomba la dawa mgongoni.

Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambayo wengi wetu huichanganya na nembo ya Kilimohai, inahusu ubora na usalama wa bidhaa. Haisemi zao lililimwaje.

Kwa bidhaa za nje, jani lililoundwa kwa nyota ni la Umoja wa Ulaya, na karibu nalo huandikwa namba ya mkaguzi na mahali malighafi ilikolimwa. Nembo ya USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, hudai angalau asilimia 95 ya viambato viwe vya kilimo hai, bila kuhesabu maji na chumvi.

Niliipiga ile namba palepale dukani. Aliyepokea alinieleza kwa upole kwamba muhogo wanaununua kwa wakulima mbalimbali, na kwamba jani lile liliwekwa na mchoraji wa lebo. Nilipomweleza mama yule, aliitoa pakiti kapuni, akaanza kuisoma upande wa nyuma.