Ubatizo haufuti ukoo

Kwetu Ujiji baba mkubwa anaswali msikitini, baba yangu ni Mkatoliki, na Idi tunakula pilau sinia moja. Wote Waha, hakuna anayehoji. Kwa Wayahudi jambo hili ni zito zaidi: kwa sheria yao ya dini, mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi. Hata hivyo, mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Israeli ilimkatalia mtawa Oswald Rufeisen, aliyezaliwa Myahudi, haki ya Myahudi anayerejea kuhamia nchini na kupewa uraia, kwa kuwa alikuwa Mkatoliki. Linaniuma hilo. Kadinali Lustiger wa Paris alibatizwa 1940, mama yake akafia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, naye hakuacha kujiita Myahudi. Alipozikwa 2007, binamu yake alimsomea Kaddish, sala ya Kiyahudi ya maombolezo, mbele ya kanisa kuu la Notre-Dame. Ilikuwa haki ya Lustiger kabisa.