Maji ya shwari: jinsi tulivyopanga kupanda Ol Doinyo Lengai kutoka Tanga

Hesabu yangu ya kwanza ya maji ilitoka lita 16. Niliiandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa uleule wenye kiuno na mabega ya bibi harusi mmoja wa Chumbageni: watu 4, lita 2 kila mmoja kwa siku, siku 2 ambazo njiani hakuna kisima wala mto. Nikapiga mstari chini, nikafunga daftari. Lita 16 ni dumu moja, tena halijai.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Milima niliyoizoea ni ya kwetu: ukitoka Muheza kupanda Amani utalowa hata kama hukutaka, na maji utayasikia yakishuka kabla hujayaona. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa jiografia, mteja wangu wa siku nyingi, aliponiambia anataka kwenda Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano kaskazini mwa nchi, kwa miguu na anatafuta wenzake, mimi nilichowaza ni baridi tu. Yeye amefundisha habari za mlima huo miaka nenda miaka rudi, anauchora ubaoni kwa chaki, na hajawahi kuuona. Alikuwa na mdogo wake, dereva wa bodaboda. Mimi nikamleta shoga yangu, nesi. Tukawa 4.

Wengi huupanda kwa njia fupi: gari hadi kijiji cha Engaresero karibu na Ziwa Natron, unalala mchana, unaanza kupanda usiku wa manane, asubuhi umeshuka. Mwalimu hakuitaka hiyo. Alitaka tuanzie juu, Nainokanoka, kwenye nyanda za Ngorongoro, tupite Bulati na kreta ya Empakaai, tushuke Nayobi, tukate nyika hadi chini ya mlima, ndipo tupande. Siku 5. Juu huko kuna ukungu na nyati, ndiyo maana mtu haruhusiwi kwenda bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Ukishateremka Nayobi, dunia inakauka.

Kwa nini inakauka, mwalimu alinieleza kwa mfano wa nyumbani. Mawingu ya bahari yakipanda Usambara huimwaga mvua Amani. Ukisimama Mtae ukatazama upande wa pili, unaona tambarare ya Mkomazi imekauka kama ngozi ya ngoma. Ngorongoro inafanana na hapo. Milima ya juu inakunywa, bonde lililo chini yake, lenye Natron na Lengai, linabaki na vumbi. Na maji ya ziwa lenyewe ni magadi, hayanyweki.

Hapo nilipaswa kulifungua tena lile daftari. Sikulifungua. Aliyenisahihisha ni mjomba.

Mjomba anakaa Sahare, na ujana wake wote aliumalizia kwenye majahazi, Tanga na Pemba, Tanga na Mombasa, mwisho akawa nahodha. Nilikwenda kumwamkia Jumapili, nikamweleza safari, nikitegemea aseme nimepata wazimu. Hakusema. Aliuliza maji.

"Lita 16, mjomba."

"Roho ngapi?"

"Nne."

"Na huyo awaonyeshaye njia, hanywi?"

Nikanyamaza.

"Mwenye bunduki? Wenye punda? Na punda wenyewe?" Akacheka, akatema tambuu. "Mpwa wangu, chomboni huhesabu abiria peke yao. Wahesabu kila roho, hata paka."

Tulikaa barazani hadi adhuhuri. Alinieleza kwamba chombo hakikosi maji kwa sababu safari ni ndefu; hukosa kwa sababu ya shwari, siku upepo unapokufa na tanga linaning'inia kama nguo kwenye kamba, na Pemba unaiona pale, hufiki. Kwa hiyo kila safari hupakia maji ya njia, kisha juu yake maji ya shwari, na hayo ya shwari hayaguswi hata mtu akilia. Jingine, maji yasikae chombo kimoja. Pipa moja likivuja, mmekwisha wote. Mitungi 6 mmoja ukivunjika, mnanung'unika tu.

Usiku ule nikahesabu upya. Sisi 4, mwongozaji, askari, watu 2 wenye punda: roho 8. Mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai tuliyekuwa tukizungumza naye kwa simu, alisema kwa joto la chini kule nisishuke lita 4 za kunywa kwa mtu, na lita 1 ya chai na ugali. Tano mara 8 ni 40 kwa siku. Kutoka Nayobi, mahali pa mwisho pa kujaza, hadi Engaresero ni kama siku 2. Lita 80. Nikaongeza ya shwari 20, na punda walambe walau kidogo, nikasema lita 120. Madumu 6. Kutoka dumu moja lisilojaa!

Dumu la lita 20 lina kilo 20, na punda mmoja hubeba mawili, moja kila ubavu. Kwa hiyo maji peke yake yalidai punda 3, mahema na chakula punda 2. Punda 5 wenye kiu ni tatizo jipya, maana punda mzima anaweza kumaliza dumu kwa siku. Hili mwongozaji alilitatua kwa sentensi moja: wanywe washibe Nayobi, tukishafika chini ya mlima tushushe mizigo, na mwenye punda mmoja awapeleke Engaresero jioni ileile. Nimeandika hapa kwa sababu niliyoyasoma kuhusu njia hii yalitaja punda kana kwamba ni toroli.

Na niliyoyasoma yalikuwa na kosa jingine kubwa. Maelezo kadhaa ya zamani yalisema unaweza kupiga hema ndani ya kreta, kileleni kabisa. Mwalimu alishaipanga hiyo: usiku mmoja juu, maji ya ziada juu. Mwongozaji aliposikia alicheka kwenye simu. Ilikuwa kweli kabla ya 2007. Septemba mwaka ule mlima ulilipuka, ukaendelea kutupa majivu hadi 2008, na sakafu ile ambayo watu walikuwa wakitembea juu yake ikawa shimo refu lenye kuta wima. Siku hizi unafika ukingoni, unatazama kwa adabu, unashuka. Tukafuta usiku ule, na lita zake.

Mwezi nao aliupanga mjomba. Mwalimu alitaka mwezi mpevu. Mjomba akasema mwezi wa siku 14 unapanda jua likizama na unaanza kuteremka saa sita usiku, wakati nyie ndiyo mnaanza kazi. Chukueni wa 16, utachelewa kutoka, lakini saa saba na nusu usiku uko utosini na utawafikisha alfajiri. Tukahesabu kwenye kalenda ya msikiti, tukaangukia Septemba, kiangazi.

Vifaa nilivishona mwenyewe, na hapa nilikuwa nyumbani. Mteremko wa Lengai ni majivu yaliyogandamana na changarawe inayoteleza, inaingia kila upenyo wa kiatu. Nilikata turubai, nikashona vifuniko vya miguu vinavyoanza chini ya goti hadi kukumbatia kiatu, na mpira wa kupita chini ya soli. Madumu niliyafungia vifuko vya gunia la katani ili yasisuguane na mbavu za punda. Ukilowesha gunia, maji ndani hayachemki. Kila mtu glavu za kazi, barakoa ya kitambaa na leso moja. Leso ni kifaa: kilemba, taulo, kivuli, kamba, shuka.

Mwalimu alituletea kipande cha magadi kutoka soko la Mgandini, haya haya tunayotia kwenye maharage. Akasema lava ya Lengai ni ya jamaa hiyo, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa. Joto lake ni nyuzi 500 na kitu hadi 600, kama nusu tu ya lava nyingine. Inatoka nyeusi kama oili chafu, ikikaa siku chache na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Shoga yangu hakuvutiwa na rangi. Alisema magadi juu ya ngozi yenye jasho ni sabuni kali, akaongeza mafuta ya mgando na dawa ya macho kwenye orodha. Tulimshukuru baadaye.

Mazoezi: kila mwezi mara mbili, kwa miezi 3. Tulishuka kwenye basi Mombo tukatembea hadi Lushoto kupitia Soni, kilomita 30 na ushei za kupanda tu, kila mtu na lita 8 za maji mgongoni. Watoto wa Soni walituuliza gari letu limeharibika wapi. Mara mbili tulikwenda Ushongo, Pangani, kutembea kwenye mchanga mlaini, kwa kuwa majivu yanakunyang'anya hatua kama mchanga: unapiga mbili, unarudi moja. Dereva wa bodaboda alikuwa na mapafu mazuri kuliko sisi wote na magoti mabaya kuliko sisi wote, jambo tulilolijua Lushoto, si Lengai, na nashukuru.

Fedha sitazitaja, zinabadilika. Nitasema tu kwamba viingilio vya hifadhi tuliulizia wenyewe, mapema, na tukabeba taslimu kwa ajili ya mageti ya halmashauri kwenye njia ya Natron wakati wa kurudi.

Safari yenyewe ilikwenda karibu kama daftari lilivyosema. Empakaai asubuhi ilikuwa ziwa la kijani chini ya ukungu, na sweta nililokuwa nikiliwaza lilifanya kazi usiku 2, basi. Nayobi tulijaza madumu, nikahesabu mifuniko mimi mwenyewe. Kwenye korongo la kuteremkia nyikani punda mmoja alijigonga kwenye jabali na dumu likapata ufa. Tulisimama, tukayagawa maji yake kwenye chupa na sufuria kabla hayajaisha, tukapoteza kama lita 5. Askari akasema kwa upole kwamba amewahi kuona kundi linalia kwa sababu ya ufa kama ule. Nilimkumbuka mjomba na mitungi yake.

Tulianza kupanda saa tano na nusu usiku, watu 5. Askari alibaki na mahema. Hapa nina neno kwa atakayekwenda. Usiku kuna ubaridi, hunywi, na kufikia saa tisa unaanza kuona lita 4 zako ni mzigo wa bure. Mdogo wake mwalimu alitaka kumwaga. Tulichokuwa tumekipanga ni kuacha chupa moja kila mtu katikati ya njia, kwenye jabali, na kuifunga kitambaa chekundu. Kileleni tulifika kukipambazuka, mita 2,962, tukaona kuta nyeupe za shimo na chini kabisa doa jeusi linalofurukuta, na Natron upande wa kaskazini ikiwa na rangi ya waridi ukingoni. Mwalimu hakusema kitu. Alipiga picha moja akakaa chini.

Jua lilitupata kwenye mteremko saa mbili asubuhi, na saa tatu lilikuwa limetukalia kichwani. Hakuna mti. Unashuka kwa makalio sehemu nyingine, mikono inawaka hata kwa glavu. Maji tuliyoona mengi usiku yaliisha ndani ya saa moja, na jabali letu lenye kitambaa chekundu halikuonekana: upepo ulikuwa umelirushia majivu, na mchana kila jabali linafanana na lenzake. Tulizunguka kama dakika 20, tukiwa na hasira, hadi mwongozaji alipoketi, akageuka kutazama juu kama alivyotazama usiku, akanyoosha kidole. Tulipita hatua 10 tu kutoka pale. Nikirudi nitafunga kitambaa cheupe kirefu, cha kupeperuka, tena nitakitazama kutoka pande zote mbili kabla ya kukiacha.

Tulifika kwenye mahema kabla ya saa sita. Viatu vya shoga yangu vilikuwa vimeachia soli, na magoti yangu, mahali suruali ilipochanika, yaliwasha siku 4.

Juma lililofuata nilikwenda Sahare na magoti yangu. Mjomba hakuuliza kilele.

"Yalibaki kiasi gani?"

"Lita 15, mjomba. Na punda tuliwapa."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, akatikisa kichwa. "Punda mmoja mlimchosha bure," akasema, akasogeza sinia ya mihogo upande wangu.