Chai Iliyoingia Ukungu

Leo Jumamosi, sina zamu. Ni saa tano tu asubuhi lakini jua la San Antonio limeshaanza vitimbi vyake. Mchana watatangaza digrii 38, na hapa hakuna upepo wa bahari wa kukupoza. Nimesimama jikoni na dera langu, nasikiliza mashine ya chai ya barafu ikikoroma kama mzee aliyelala chali.

Niliinunua dola nne mwezi wa Mei. Bi mkubwa mmoja jirani alikuwa anahama, akatandaza vitu vyake nje watu wachague. Akaniuliza kama mimi ni mnywaji chai. Mtoto wa Mombasa naulizwa kama nanywa chai! Nikacheka, naye akadhani nimefurahia bei, akaniongezea bure boksi la vifuko vya chai lililobaki nusu.

Mashine yenyewe ni jagi la plastiki na kitu kama kichwa pembeni yake chenye tangi dogo. Jagi unalijaza barafu hadi kwenye alama, tangini unatia maji ya baridi, majani unayaweka kwenye kikapu cha kuchujia, unabonyeza. Haina pampu ndani. Iko bomba nyembamba inayopashwa moto na umeme. Maji yakichemka humo, mvuke huyasukuma juu kidogo kidogo, yakatemewa kwenye majani, na mkandaa, chai isiyo na maziwa, ukadondokea barafu. Ndiyo maana inakoroma. Haichemshi maji yote pamoja kama birika, inachemsha funda moja moja.

Kwetu chai haipikwi hivyo, na haipoi kwa makusudi. Mama hutia maji na maziwa sufuriani, majani, iliki, tangawizi iliyopondwa, akaiacha ipande, akaishusha moto, ikapanda tena. Mgeni akiiacha chai ikapoa, mwenyeji huanza kujiuliza amemkosea nini. Hapa Texas ukikaa mkahawani ukasema chai tu, utaletewa gilasi iliyojaa barafu. Wamarekani hupenda kusimulia kwamba kinywaji hiki kilizaliwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, ingawa kitabu kimoja cha mapishi cha Virginia cha mwaka 1879 kinaeleza jinsi ya kukiandaa, na sukari yake na limau. Tena chai yenyewe humo ni ya kijani.

Haya. Mara ya kwanza nilitumia vile vifuko vya jirani. Ikatoka nyekundu, safi, ukiweka kidole nyuma ya gilasi unakiona mpaka ukucha. Kinywani lakini! Kama majani yaliyaogopa maji. Nikasema hapana, nikatoa pakiti ya Kericho ambayo kaka yangu alinibebea alipokuja, zile punje ndogo nyeusi zinazotoka kwenye mashine za kukata na kuviringa, nikatia vijiko vinne. Rangi ilishuka ya kutisha. Nikafurahi. Baada ya dakika kama tano nainua jagi, chai imeingia ukungu, imekuwa kama maji ya mto Sabaki wakati wa mvua.

Nikailaumu mashine. Nikakisugua kikapu, nikapitisha siki mara mbili kutoa chokaa, maana maji ya mji huu yanatoka kwenye miamba ya chokaa chini ya ardhi na kila mwezi huiacha ile bomba nyeupe ndani. (Hilo halikunishangaza. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe, na birika la nyanya, aliyekuwa akitumia maji ya kisima, lilikuwa na gamba jeupe huwezi kulitoa hata kwa kisu.) Siki ilinukisha nyumba nzima, na chai ikatoka na ukungu vilevile. Nikanunua maji ya chupa. Ukungu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu baba.

Baba alikuwa mpakizi kwenye godauni la chai Shimanzi. Alikuwa akirudi jioni na harufu ya majani kwenye shati, vumbi la chai limemkalia kwenye nyusi. Mombasa ndiko chai ya Afrika Mashariki inakopigwa mnada. Mnada wenyewe ulianzia Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969, na si chai ya Kenya peke yake, ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania pia hupita pale. Kabla ya kuuzwa huonjwa, na baba alipenda kutuigizia waonja chai wakati wa kula: vikombe vyeupe safu nzima, mtu anapita na kijiko, fyuuu! anaivuta kwa kelele, anaitema, anakwenda kikombe cha pili. Mama akimkemea kwa kutufundisha adabu mbaya. Na alikuwa akisema neno ambalo wakati ule sikulitilia maanani: vikombe vikishapoa, tazama kipi kinafanya malai. Hicho ndicho chai.

Malai! Kumbe ndiyo ule ukungu. Kafeini na vile vitu vinavyoipa chai rangi na ukakasi, maji yakiwa ya moto kila kimoja kinaogelea peke yake. Yakipoa vinashikamana, vinakuwa chembe, na mwanga haupenyi tena. Chai hafifu ina vichache vya kushikamana. Yetu inavyo tele. Nilimimina nusu gilasi kwenye sufuria ndogo nikaipasha, na kabla haijachemka ukungu wote ulikuwa umeondoka, nyekundu kama jiwe la pete. Nikaitia barafu, ukarudi.

Mwonja chai wa Mombasa akiuona ukungu ule anautilia alama nzuri. Mnunuzi wa hapa anautazama kama uchafu, kwa hiyo chai nyingi inayoingia Marekani hutoka Argentina, kwa sababu ikipoa hubaki inang'aa. Nililigeuza boksi la jirani nione imeandikwa wapi inatoka. Haijaandikwa.

Tangu hapo nimeacha kugombana nayo. Napunguza majani, vijiko vitatu badala ya vinne, natia kikapuni vipande vya mchaichai na tangawizi, kidogo tu, maana kikijaa maji hufurika na majani yakashuka kwenye jagi. Sukari haiyeyuki kwenye barafu, inakaa chini kama mchanga, kwa hiyo napika shira nyepesi ile ya kaimati na kuiweka chupani. Ndimu nilijaribu, ikafubaza rangi, siirudii. Kuna waliniambia nitie chembe ya magadi yale ya keki, ndiyo hila ya watu wa kusini huku. Inasaidia kidogo, lakini ulimi wangu uliyatambua mara moja.

Sasa mashine imenyamaza. Asubuhi hii nilikuta vifuko viwili vya mwisho vya jirani, nikavitumia kwanza, halafu ndiyo nikapika yangu. Nimeziweka gilasi mbili dirishani, moja unaona mti wa jirani ng'ambo, moja huoni kitu, nikampigia picha Mama na kumtumia bila maelezo.

Kwao ni saa moja ya usiku, ametoka kuswali magharibi. Jibu lake limeingia kwa sauti:

"Mwanangu, hiyo ya ukungu kunywa, ni chai. Hiyo nyingine mwagilia maua. Na mbona sioni maziwa?"