Namna ninavyomkabidhi mteja faili alijaze mwenyewe

Nafanya kazi ya usanifu wa matangazo Mtwara mjini, na sehemu kubwa ya wateja wangu ni vyama vya msingi vya ushirika, hizi AMCOS, za Tandahimba na Newala. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikifunguliwa, chama hubandika ukutani tangazo: tarehe ya mnada, ghala, kilo zilizouzwa, bei ya juu, bei ya chini, makato, na kinachobaki kwa mkulima kwa kila kilo. Umbo la tangazo halibadiliki msimu mzima. Zinazobadilika ni tarakimu, na zikichelewa, uvumi unazitangulia kijijini.

Zamani kila mnada katibu alikuwa ananipigia: "Mwanangu, nibadilishie bei, watu wamejaa hapa." Nikiwa safarini, au umeme umekatika, watu wanasubiri. Jambo hilo lilinikera kwa ajili yao. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho huku Mtwara mwaka 2007, mkulima anaacha mzigo wake ghalani na kungoja bei itoke. Karatasi ile ya ukutani ni haki yake. Haifai imsubiri msanifu aliye mjini, wakati mwenye hesabu amekaa nazo pale pale kijijini. Nikaamua chama kipewe faili lenyewe.

Kwanza niliuliza wana nini. Kompyuta ya ofisi ina Office, na ya steshenari wanakochapisha ina Office pia. Programu ninayosanifia mimi hawana, wala sioni kwa nini wainunue kwa ajili ya tangazo moja. Kwa hiyo nachora kwangu, kisha nakabidhi kwa PowerPoint, ukurasa umepimwa A4. Wasanifu wenzangu wengine wanaidharau, lakini kwa kazi hii naipenda kuliko Word. Kwenye Word ukiongeza mstari mmoja, kila kilicho chini kinaweza kusogea. Kwenye PowerPoint kila kisanduku kinakaa kilipowekwa.

Nembo, rangi na mistari ya jedwali naviweka kwenye slaidi kuu, ile inayobeba kurasa zote kwa nyuma. Katibu akifungua faili kwa kawaida, vitu hivyo havishikiki. Akibofya nembo haisogei. Mbele yake vinabaki visanduku vya kujaza tu, na kila kimoja kimeshapewa aina ya herufi, ukubwa na rangi, hivyo anachoandika kinavaa sura hiyo chenyewe. Anayejua njia anaweza kuingia slaidi kuu na kubadilisha. Hilo halinisumbui, maana nia yangu ni kumkinga anayefanya kazi kwa haraka asiharibu, basi.

Sasa nije kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Wasanifu tumezoea kujaza maandishi ya mfano ili kazi ipendeze mteja akiiona. Kwenye tangazo la bei siweki tarakimu ya mfano hata moja. Bei ya mfano ikisahaulika, itachapwa, itabandikwa na itaaminiwa. Ndani ya kisanduku naandika agizo tu, kama "Andika bei ya juu kwa kilo", na PowerPoint ina uzuri mmoja hapa: kisanduku ambacho hakijajazwa, agizo lake halitoki kwenye karatasi. Panabaki peupe, na mtu akiona peupe atauliza. Kisha nahifadhi faili kama kiolezo, lenye mwisho wa .potx. Ukilibofya mara mbili linafungua nakala mpya iliyo tupu, la asili halijaguswa. Bei ya mnada uliopita haina mahali pa kujificha.

Herufi natumia Lato. Leseni yake ni huria, inaruhusu kumpa mteja faili la herufi pamoja na kazi. Kompyuta ikikosa herufi uliyotumia, inaweka nyingine, na hapo maneno yanafurika nje ya jedwali. Kwa hiyo naipachika ndani ya faili, na bado naisakinisha kwenye kompyuta zote mbili. Lugha ya kukagua tahajia naiweka Kiswahili, la sivyo mistari myekundu inajaa chini ya maneno sahihi na mtu anaanza "kuyasahihisha".

Majaribio nayafanya kwa maandishi marefu: Nanhyanga badala ya Mahuta, na kilo za tarakimu saba. Naacha ukingo mweupe pande zote, maana printa nyingi za ofisini hazichapi hadi ukingoni. Pia natoa fotokopi ya nyeusi na nyeupe nione kama inasomeka, kwa kuwa nakala za matawini zitatolewa hivyo. Siku ya kukabidhi, katibu ndiye anayekaa kwenye kiti. Anajaza, anachapa, mimi sigusi kipanya. Anapokwama napaandika, nakwenda kuparekebisha.

Kadi za harusi nazikabidhi kwa Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, maana kamati zinabadilisha kwenye simu. Kwa tangazo la mnada sitegemei mtandao. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, na siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchini. Faili lililomo ndani ya kompyuta, na nakala kwenye flashi, lingefunguka siku hizo zote. Nikilituma kwa WhatsApp nalituma kama dokumenti.

Wapo wanaoniuliza kama sijikoseshi kipato. Malipo ya kubadilisha tarakimu yalikuwa madogo, na kiolezo nakitoza bei kubwa zaidi mara moja. Katibu bado ananipigia, ila kwa mambo mengine. Alipotaka tangazo la ufuta, lenye safu zake tofauti, nilimwongezea mpangilio wa pili ndani ya faili lile lile na kumtajia bei yake, kwa sababu huo ni usanifu mpya. Akakubali, na siku hizi anachagua mwenyewe, korosho au ufuta.