KNM Helge Ingstad: maji yalipita ndani ya shafti

Helge Ingstad, frigeti (aina ya meli ya kivita) ya Norwei, iliitumikia nchi yake miaka 9 tu. Ilijengwa Ferrol, Hispania, ya nne kati ya tano za aina ya Fridtjof Nansen, ikapokelewa jeshini 2009: urefu mita 134, uzito zaidi ya tani 5,000. Fridtjof Nansen yenyewe ilitumwa Ghuba ya Aden mwaka huohuo kuwinda maharamia. Helge Ingstad ilipata zamu yake mwishoni mwa 2013, ilipokwenda kusindikiza meli zilizobeba kemikali za silaha za Syria kutoka Latakia. Leo hakuna anayeitaja kwa kazi hiyo.

Inatajwa kwa alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2018. Ilikuwa ikishuka kusini katika mlangobahari wa Hjeltefjorden, karibu na Bergen, kwa mwendo wa maili 17 hivi za baharini kwa saa, na AIS yake (mtambo unaozitangazia meli nyingine mahali ilipo) ikipokea tu bila kutuma. Meli ya mafuta Sola TS ilikuwa imetoka punde gati la Sture na shehena ya mafuta ghafi, taa za sitaha bado zinawaka. Kwa walio kwenye daraja la frigeti, yaani chumba cha kuiongozea, waliokuwa wametoka kupokezana zamu, mwanga ule ulionekana kama kitu kilichosimama pale gatini. Rubani wa Sola TS alipowaambia kwa redio wageuze kulia, wakadhani anayesema ni meli nyingine, wakajibu kwamba wakienda kulia watakikaribia mno kile kitu. Kile kitu ndicho kilichokuwa kikiwaita.

Saa 10 na dakika 1 wakagongana. Sehemu ya nanga ya Sola TS iliupasua ubavu wa kulia wa frigeti kwa zaidi ya mita 40. Meli ya mafuta ilichubuka tu.

Wengi huishia hapo, kwenye taa na redio. Mimi naona somo kubwa liko chini ya sitaha. Vyumba vitatu vya nyuma viliingia maji: cha jenereta, cha malazi na stoo. Hali ilikuwa mbaya, lakini kwa hesabu za uthabiti meli ingeweza kubaki juu. Kisha maji yakaonekana katika chumba cha giaboksi (mtambo unaopeleka nguvu ya injini kwenye shafti), ambacho hakikupasuka. Yalitoka wapi? Shafti za rafadha, vile vyuma virefu vinavyozungusha pangaboi, ni tupu katikati. Maji ya chumba cha jenereta yaliingia humo yakapita ndani ya chuma hadi kwenye giaboksi, yakiukwepa ukuta uliojengwa kuyazuia. Kutoka hapo yakavuja kwenye vizibo ambapo shafti hupenya ukuta, yakaelekea vyumba vya injini. Kwa maji ya njia hiyo, mlango ungefungwa barabara namna gani, usingesaidia kitu.

Usukani na injini vilikuwa havitii tena, na dakika 10 baada ya kugongana meli ikapanda mwamba. Mabaharia waliona chumba cha nne kimekwenda, wakahesabu kwamba meli imepotea, wakaihama. Wote 137 walipona. Ila waliacha milango na mifuniko kadhaa wazi, na tume ya uchunguzi ilisema baadaye kwamba ingefungwa kabla ya kuondoka, meli isingezama. Haya ndiyo yanayoniuma zaidi: kasoro ya kiwandani iliwaondolea watu imani na meli, na walipokata tamaa wakayafungulia maji njia iliyobaki.

Meli ilifungwa kwa waya za chuma ufukweni. Tarehe 13 waya zikakatika, ikateleza hadi ikabaki sehemu ndogo tu juu ya maji. Makreni mawili yanayoelea, Rambiz na Gulliver, yaliinyanyua mapema 2019. Gharama ya kuitengeneza ilikadiriwa kroni bilioni 12 hadi 14, kwa meli iliyonunuliwa kwa kama bilioni 4. Ikauzwa chuma chakavu. Afisa wa zamu alihukumiwa 2023 kifungo cha siku 60 kilichoahirishwa.