Mita Moja Zaidi ya Msingi

Alhamisi ile mtaro wa msingi ulikuwa umekwisha kuchimbwa, kina chake mita moja kamili, na lori la zege lilikuwa limeagizwa lifike kesho yake saa mbili asubuhi. Mchana akaja mkaguzi wa majengo wa halmashauri, mama wa makamo aliyevaa buti za mpira. Alishuka mtaroni, akaokota bonge la udongo na kuliponda kwa vidole, kisha akanionyesha vijizizi vyembamba kama nyuzi vilivyochomoza chini kabisa ya shimo. Baada ya hapo aliutazama mwaloni wa jirani, ulio hatua chache tu kutoka kwenye uzio wetu, akasema kwamba zege haliwezi kumwagwa hapo, na kwamba tuchimbe mpaka mizizi ikome, jambo ambalo kwa makadirio yake lingetufikisha mita mbili.

Naandika nikiwa bado na uchungu wa bili iliyofuata. Kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kilibaki siku mbili zaidi, udongo wa ziada ukalipiwa kubebwa, zege likaongezeka mara mbili, na lori tulilolifuta likatozwa vilevile; jumla ikawa pauni 2,600, na juu ya kazi kama hii serikali inachukua asilimia 20 ya kodi. Anayejenga Kibaha anajua fedha hiyo inapandisha boma la vyumba vingapi. Mimi najenga chumba kimoja nyuma ya nyumba, hapa kusini mashariki mwa London, chenye bafu lake, kwa ajili ya mama yangu mzazi ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi.

Kilichonichanganya tangu mwanzo ni neno kibali. Nyumbani ukisema una kibali cha ujenzi, watu wanaelewa kwamba mambo yako yamekamilika. Hapa Uingereza ruhusa ya mipango miji ni jambo moja, na kanuni za ujenzi ni jambo jingine kabisa. Nyumba iliyoungana na ya jirani kama yangu inaweza kuongezwa nyuma hadi mita 3, kwa ghorofa moja, bila kuomba ruhusa ya mipango miji, mradi masharti ya urefu na mengineyo yatimizwe. Niliposikia hivyo nilidhani nimesamehewa kila kitu. Kumbe kanuni za ujenzi hazina msamaha kwa chumba cha kuishi: lazima utoe taarifa, ulipe ada, na mkaguzi aje kwa hatua, kabla zege halijafunika mtaro, kabla udongo haujafunika mabomba ya majitaka, na kabla ukuta haujafunika boriti na vizuia baridi.

Wazo la kwanza lililonijia pale mtaroni, na naliandika kwa sababu ni kweli, ni kwamba mkaguzi yule alikuwa anataka kitu. Nilimtazama usoni nikisubiri lile neno ambalo sote tunalijua, linaloanza kwa kusema kwamba jambo hili linazungumzika. Halikuja. Nilipomwuliza kama kuna njia nyingine, alinieleza kwamba ipo, nayo ni kumlipa mhandisi asanifu msingi wa nguzo zinazochimbwa ardhini, ambao kwa chumba kidogo ungegharimu zaidi. Kisha akaketi juu ya tofali na kunifundisha habari ya udongo wa mfinyanzi wa London. Udongo huu unavimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na mti mkubwa unaufyonza kiangazi chote, hivyo msingi mfupi unainuka na kushuka mwaka hadi mwaka mpaka ukuta unapasuka. Ukame wa mwaka 1976, alisema, ndio uliowafunza watu hapa, kwa sababu nyumba nyingi zilipata nyufa, na baada yake misingi ikaanza kuchimbwa kwa kina zaidi.

Usiku ule nilikuwa na hasira, lakini sikuweza kuacha kufikiria Kariakoo, na lile ghorofa lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuwafukia watu waliokuwa katika biashara zao za Jumamosi. Nilikumbuka pia jengo la mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013, ambapo zaidi ya watu 30 walikufa. Sisi tuna sheria, tuna wahandisi waliosajiliwa, tuna halmashauri zinazotoza ada za vibali. Ninachouliza kwa uchungu ni nani alishuka kwenye mashimo yale kabla ya zege, na kama alishuka, aliona nini, na kwa nini lori halikurudishwa.

Hatua nyingine zilipita kwa utulivu zaidi. Boriti ya chuma ilikaguliwa dhidi ya hesabu za mhandisi, ikavalishwa bodi za kuhimili moto kwa dakika 30. Ukuta mmoja ulifunguliwa kwa sababu vizuia baridi vilikuwa vimeachiana nafasi, na fundi wangu alinuna siku nzima.

Ndipo siku moja mkaguzi akaniuliza nani atalala chumba hiki. Nilipomweleza habari za mama, aliingia bafuni, ambako ukuta ulikuwa bado mifupa ya mbao, akamwambia fundi apigilie plaiwudi nene nyuma ya bodi, pembeni ya choo na ya bomba la mvua, ili siku mama atakapohitaji vyuma vya kushikilia viwe na mahali pa kufungwa. Halikuwa sharti katika kazi yangu, na hakuliandika katika ripoti yake. Plaiwudi ile ilinigharimu pauni 40.

Ninyi mnaofikiria kununua nyumba huku, dai hati ya kukamilisha ujenzi kwa kila chumba kilichoongezwa, kwa maana ukinunua bila hati umenunua na matatizo. Kazi iliyofanywa kimya baada ya tarehe 11 Novemba 1985 inaweza kuombewa uhalalisho, lakini jiandae kubomoa plasta ili mkaguzi aone kilichofichwa. Na jirani msimsahau: ukichimba ndani ya mita 3 za nyumba yake, chini kuliko msingi wake, sheria ya mwaka 1996 inakutaka umpe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla. Asipokubali ndani ya siku 14 inahesabika kuwa kuna mgogoro, na gharama za wapimaji wa majengo wanaoumaliza kwa kawaida ni zako. Bibi mwenye mwaloni alinisainia siku hiyohiyo, na hilo peke yake liliniokolea fedha nyingi.

Ukaguzi wa mwisho ulifanyika Jumanne. Kila kitu kilipita isipokuwa feni ya bafuni, ambayo kipimo kilionyesha haifikishi lita 15 za hewa kwa sekunde. Hati imezuiliwa mpaka ibadilishwe. Mkaguzi anarudi Ijumaa saa tatu asubuhi, na feni mpya imekwisha kufungwa.