Dracula na Frankenstein usiku mmoja: walisemaje uani kwa shangazi

Filamu ya kwanza ilipoisha, mpwa wangu wa kidato cha pili ndiye aliyefungua mdomo kabla ya wakubwa. "Mjomba, mbona huyu Dracula hana meno?"

Watu wakacheka, lakini mtoto alikuwa ameona sawasawa. Katika Dracula ya mwaka 1931, ile ya Bela Lugosi, yale meno marefu huyaoni hata mara moja. Damu yenyewe ni tone tu kwenye kidole cha Renfield, mgeni wa Dracula, aliyejikata na kibanio cha karatasi. Kila Dracula anapomwinamia mtu, picha inakatwa au joho linafunika. Hata anapouawa hatuoni kitu, tunasikia mguno basi.

Tulikuwa Magomeni, uani kwa shangazi. Projekta ya kuazima, shuka jeupe limekazwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, mihogo ya kukaanga na bisi. Niliwaahidi filamu mbili za kampuni moja, Universal, za mwaka mmoja: Dracula iliyotoka Februari 1931 na Frankenstein iliyotoka Novemba. Moja ina dakika 75 na nyingine 71, kwa hiyo ukianza baada ya isha watu wanawahi kulala. Na kwa kuwa si wote wanaokifuata Kiingereza cha enzi zile, mimi nikawa Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, wa usiku huo, natafsiri juu kwa juu huku natafuna.

Kuziweka hizi mbili pamoja si ubunifu wangu. Mwaka 1938 ukumbi mmoja wa Los Angeles uitwao Regina-Wilshire ulizionesha pamoja na Son of Kong, foleni ikazunguka jengo. Universal walipoona hivyo wakatoa nakala mpya na kuzisambaza Dracula na Frankenstein Marekani nzima kama tiketi moja. Ni filamu za miaka saba nyuma, ambazo kila mtu alidhani zimeshakula chumvi yake. Fedha iliyopatikana ndiyo iliyowatia hamu ya kutengeneza Son of Frankenstein mwaka uliofuata, na Lugosi, ambaye kipindi kile kazi zilikuwa zimemkauka, akapata riziki humo.

Sasa maoni.

Baba mdogo alianza kulalamika mapema. Yeye ujana wake aliumaliza kwenye sinema za Avalon na Drive-in ya Msasani, na Dracula anayemjua ni Christopher Lee, wa filamu za Kiingereza za rangi: macho mekundu, meno nje, damu kama rangi ya mlango. Kwake Lugosi ni mzee wa harusi aliyevaa vizuri akapotea njia. "Anaongea kama anayelipwa kwa neno," akasema. Nikamwambia huyo alilipwa dola 500 kwa wiki, kwa wiki saba, akamaliza na 3,500 kwa filamu iliyowatajirisha wengine. Baba mdogo akanyamaza kidogo, akasema basi ndiyo maana alikuwa anavuta muda.

Mimi kwa hilo simuungi mkono. Ule uzito wa ulimi, ule mtindo wa kusimama katikati ya sentensi ukadhani amesahau, ndio unaotisha. Anapokaribishwa mvinyo, au tuseme anapomkaribisha mgeni wake, anasema yeye hanywi, anatua, halafu ndipo anamalizia: mvinyo. Uani pale watu walicheka, lakini ni kicheko cha mtu anayetazama nyuma yake. Mpiga picha Karl Freund alimulika macho ya Lugosi kwa vitaa viwili vyembamba, uso wote kivuli, macho peke yake yanawaka. Meno ya nini tena?

Ila ukimya ulitusumbua. Filamu nzima karibu haina muziki. Mwanzoni kabisa, majina yanapopita, kuna kipande cha Swan Lake, na baadaye kuna muziki unaosikika wahusika wakiwa ukumbini London. Kwingine ni milango, mbwa mwitu na nyayo. Shangazi alidhani spika imekufa, akamtuma kijana akakague waya. Kwangu mimi zile dakika ishirini za mwanzo, kule ngomeni Transilvania, ni bora kuliko filamu nyingi nilizowahi kulipia. Dracula anapanda ngazi, utando mkubwa wa buibui umeziba njia, yeye anapita bila utando kukatika, halafu Renfield masikini inabidi auchane kwa fimbo. Hakuna aliyeeleza, hakuna ngoma iliyopigwa. Kuna pia armadilo, yaani kakakuona wa Amerika, wanarandaranda sakafuni, kwa sababu ambazo mkurugenzi Tod Browning aliondoka nazo. Mpwa wangu akauliza kama Transilvania iko Amerika ya Kusini.

Shida ni wakifika London. Pale filamu inakaa sebuleni na haitoki. Iliandikwa kutokana na mchezo wa jukwaani, na inaonekana: mtu anasimama dirishani anatangaza kwamba anaona mbwa mwitu anakimbia bustanini, sisi tunaona mgongo wake. Uani simu zikaanza kuwaka. Baba mdogo akaenda kujinyoosha akarudi, hakuna alichokosa.

Aliyetuokoa katika sehemu hiyo ni mama mmoja jirani, mzaliwa wa Wete. Alikuwa amekaa kimya na kahawa yake hadi popo wa waya alipoanza kuning'inia dirishani kwa Mina, binti anayewindwa na Dracula. Akasema hawa watu hawajui kujilinda. Mwaka 1995, wakati wa Popobawa, lile jini lililosemekana kuvamia watu usiku, kwao Pemba watu walilala nje, wamejikusanya, moto unawaka, maana kila mtu alijua ndani ndiko kwenye hatari. "Hawa wamemchukua binti mgonjwa, wamemlaza chumba cha peke yake, mlinzi wamempa majani, halafu wanaume watano wanakwenda kujadiliana sebuleni." Tangu hapo sijaweza kuutazama mpango wa Profesa Van Helsing, mwindaji wa Dracula, kwa heshima. Na mama yule hakuwa anatania hata kidogo.

Frankenstein ilibadili hewa. Hata ambao walikuwa wamefungasha kuondoka walikaa. James Whale, aliyeiongoza, hana subira ya sebuleni: anaanza makaburini, watu wawili wamejificha nyuma ya uzio wanasubiri mchimba kaburi amalize kazi ili nao waanze yao. Kamera inatembea, inapita ukutani kutoka chumba hadi chumba. Ukizitazama mfululizo, hutaamini kwamba kati yake ni miezi tisa.

Tuna fundi umeme mtaani kwetu, na maabara ya Henry Frankenstein, daktari anayeunda kiumbe kutokana na maiti, ilimkuna. Mitambo ile ya cheche ilitengenezwa na Kenneth Strickfaden, na ni mitambo ya kweli, umeme unaruka kweli. Fundi akatazama radi inapita, kitanda kinapandishwa juu ya paa kwa minyororo ya chuma, watu wanashika swichi kwa mikono mitupu, akasema: "Hapo hakuna hata fyuzi. Wa kwanza kufa alitakiwa awe daktari." Henry alipopaza sauti kwamba kiumbe kiko hai, fundi akapiga makofi peke yake.

Kisha akaingia Boris Karloff. Anaingia kinyumenyume. Mlango unafunguliwa, unaona mgongo, anageuka taratibu, na picha inaruka mara tatu, kila mara karibu zaidi na uso. Uso huo ni kazi ya Jack Pierce, na kope zile nzito zilizolegea ndizo zinazomfanya aonekane mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mwanzoni mwa filamu, penye majina ya waigizaji, mahali pake waliandika alama ya kuuliza. Alikuwa na miaka 43, na nusu nzima ya Hollywood haikumjua.

Shangazi ndiye aliyenishangaza. Filamu za kutisha yeye hazitaki, alikaa kwa sababu ni kwake. Lakini dirisha la darini lilipofunguliwa, mwanga ukashuka, na yule kiumbe akainua mikono miwili kuushika, shangazi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtoto huyo." Henry alipofunga dirisha, na yule kibarua mwenye kibyongo akaja na mwenge kumtisha, shangazi akaanza kugombana na shuka. Baba gani huyu? Amemleta duniani, hajampa hata jina, siku ya kwanza amemfunga mnyororo. Baba mdogo akajaribu kukumbusha kwamba kiumbe amewekewa ubongo wa mhalifu, si tumeona chupa yenye ubongo mzuri imedondoshwa? Akaambiwa anyamaze. "Ubongo hauna kosa. Mtoto anafundishwa."

Hilo la ubongo, kwa kweli, halimo kwenye riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, ni nyongeza ya filamu, na mimi nalihesabu kuwa kasoro yake kubwa. Linampa Henry kisingizio. Karloff anaigiza kana kwamba hajaambiwa habari za ile chupa.

Halafu ziwa. Msichana mdogo, Maria, anamkaribisha yule kiumbe wacheze. Wanarusha maua majini, yanaelea kama mashua. Maua yanakwisha mkononi. Kiumbe anamwangalia mtoto, naye mzuri kama ua, anamnyanyua na kumrusha. Haelei. Karloff anahangaika pale ufukweni, mikono inatetemeka, anakimbia.

Kipande hicho kilikatwa miaka mingi. Nakala zilizozunguka dunia ziliishia pale anaponyoosha mikono kumshika, kisha unamwona baba wa mtoto anapita katikati ya sherehe ya kijiji akiwa amebeba maiti, soksi moja imeteremka. Wakaguzi walidhani wanawasitiri watazamaji. Fikiria walichowaachia wabuni wenyewe! Kilirudishwa miaka ya 1980. Na hakikuwa peke yake: ile kauli ya Henry kwamba sasa anajua Mungu anavyojisikia nayo iliondolewa kwa ajili ya maonesho ya 1938. Nilipoitafsiri uani, jirani wa Wete alisema astaghfirullah. Kwa hiyo wakaguzi walimjua mtazamaji mmoja, angalau.

Kuna raha moja ya kuzitazama hizi mbili mfululizo ambayo ukizitenganisha huipati. Van Helsing wa filamu ya kwanza, Edward Van Sloan, anarudi kwenye ya pili, kwanza anatokea mbele ya pazia kuwaonya watazamaji, kisha kama Daktari Waldman. Mpwa wangu akasema huyo babu hajifunzi. Na Renfield, yule wa kicheko cha ndani ya meli, ndiye Fritz wa mwenge. Dwight Frye. Kwenye Dracula yeye ndiye anayetambaa, na kwenye Frankenstein anamtesa mwingine kwa ufundi wa mtu aliyewahi kuteswa. Alifariki mwaka 1943, moyo ulisimama akiwa ndani ya basi, akiwa na miaka 44, amechoka kupewa vichaa. Mimi kura yangu ya usiku ule nilimpa yeye, na hakuna aliyeniunga mkono.

Kura nyingine zilikwenda Frankenstein karibu zote. Mpwa wangu alimchagua Dracula, eti ana nguo nzuri na hamwombi mtu msamaha. Fundi hakupiga kura, alitaka kurudishiwa kipande cha radi.

Tulipokuwa tunakunja shuka, shangazi akauliza habari za Lucy. Lucy, rafiki wa Mina, anauawa na Dracula, anafufuka, anaonekana usiku amevaa nguo nyeupe akiwavizia watoto, halafu filamu inamsahau moja kwa moja. "Alizikwa au bado anazurura?" Nikamweleza kwamba Universal walitengeneza Dracula nyingine usiku, mitambo na ngome zilezile, waigizaji wanaozungumza Kihispania, Carlos Villarías akiwa Dracula, na hiyo ina dakika 104 na suala la Lucy humo linamalizwa. Akataka tuitazame wiki ijayo. Baba mdogo akauliza nani atatafsiri Kihispania.